Kesi ya Mdakaji Mista Dani

Lililonifikia mwanzo, mwanangu, ni mlio. Sikuona mtu wala mpira. Nilikuwa nimeinama ndani ya stoo ya kambi, natafuta valvu katika sanduku lililojaa vumbi, ndipo nikasikia nyuma ya ukuta wa mabati: pwa! Kimya. Pwa! Kimya tena. Ulikuwa mlio mnene, mlaini, kama wa mtu anayepiga kofi mto wa sufi. Nikajiuliza, nani huyu anayekung'uta godoro mchana huu, na jua la Maskati linatia kizunguzungu hata mbuzi? Nikatoka kwenda kumtazama.

Nikakuta Wamarekani wawili. Mmoja, fundi wa kuchomea mabomba, alikuwa mbali kule kwenye rundo la mabomba, naye akirusha kitu cha ngozi cha rangi ya kahawia, mfano wa dafu lililochongwa ncha pande zote mbili. Wa pili alikuwa Mista Dani, fundi wa pampu, mtu mrefu, mkimya, aliyeburuta kidogo mguu wake wa kulia. Huyu ndiye aliyekuwa akidaka. Lakini alivyodaka! Alikuwa akizungumza na mpishi, uso kaupa upande wa jiko, na dafu lile likija linazunguka kama pia, mkono wake ukanyanyuka wenyewe, ukaliokota hewani kama mtu anayechukua kofia yake msumarini. Pwa! Wala mazungumzo hayakukatika.

Hapo moyo wangu ukaruka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na katika umri huo ukiona kitu kizuri unataka papo hapo kukibishania.

Nikupe kwanza hali ya mambo ilivyokuwa. Ulikuwa mwaka wetu wa tatu tangu mapinduzi yatutoe Unguja. Matangi ya mafuta yalikuwa yanajengwa karibu na Qurum, na pale unapopita leo na gari yako ukitazama majumba meupe, palikuwa na mchanga, mikoko na njia za mbuzi. Sisi tuliojua Kiingereza tuliajiriwa ukarani na kazi za stoo. Tulikuwa vijana kiasi cha kumi na wawili, na mzee mmoja tu, Maalim Khalfan. Yeye, kwa kauli yake, alikuwa mwalimu mkuu huko Unguja miaka ishirini. Hapa kambini kazi yake ilikuwa kugawa glavu na spana dirishani.

Sote, mwanangu, tulikuja mikono mitupu. Huyu alikuwa hakimu, yule alikuwa mtoto wa mwenye mashamba, na hakuna aliyekuwa na karatasi ya kuthibitisha. Katika hali hiyo tukazua mchezo. Kila Alkhamisi baada ya Laasiri tulitandika mkeka nyuma ya stoo, kahawa ikapikwa, na mahakama ikakaa. Mtu yeyote aliyejisifu wiki ile kwamba "huko kwetu mie nilikuwa hivi na hivi" alisimamishwa mbele ya mkeka na kutakiwa atoe shahidi aliyeona kwa macho yake. Akikosa, alihukumiwa kupika kahawa wiki nzima. Kadhi nilikuwa mimi, kwa kuwa ulimi wangu ulikuwa mkali. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu ulikuwa na meno.

Nakumbuka jamaa mmoja alidai shamba la mikarafuu la babu yake lilikuwa refu kiasi kwamba punda akiingia asubuhi upande huu, hutokea magharibi upande wa pili.

"Shahidi?" nikauliza.

"Punda mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Kabaki Unguja."

"Kesi imeanguka! Kahawa wiki nzima!"

Tulicheka mpaka tukajifuta machozi. Na mara nyingine, nikueleze kweli, machozi yalizidi kicheko, lakini hakuna aliyelisema hilo. Maalim Khalfan hatukumshitaki hata siku moja, kwa heshima ya ndevu zake. Alikaa pembeni na kikombe chake akitutazama, kama mwalimu anayewatazama wanafunzi wakati wa mapumziko.

Basi yule mchomea mabomba akatuhadithia kwamba Mista Dani alikuwa mchezaji kwao, wa mpira ule wao wa kukimbia nao mkononi. Kazi yake ilikuwa ya pembeni kabisa: anakimbia mbio ndefu kuelekea mwisho wa kiwanja, mwenzake anamrushia mpira kutoka mbali, naye audake huku wapinzani wamemvamia kama nyuki. Alicheza misimu miwili na timu kubwa, majukwaa yakimwita kwa jina, kisha goti likavunjika, na mambo yakaisha. Nassor, rafiki yangu wa tangu madrasa, akakimbia kuniletea habari.

"Kadhi, tunaye gwiji kambini!"

"Nani kasema?"

"Mwenzake."

"Shahidi mmoja, tena rafiki. Mlete mahakamani."

Zingatia hapo, mwanangu. Mista Dani hakujisifu. Aliyemsifu alikuwa mwenzake. Sheria yetu wenyewe haikumhusu, lakini mimi nilishaonja utamu wa kesi.

Alkhamisi ile mkeka haukutosha. Mshitakiwa mwenyewe hakuwepo; Nassor alijifanya wakili wake, naye alikuja na picha aliyoiazima kwa Mista Dani, picha iliyokunjwa mara nyingi hata ikawa laini kama leso.

"Yakhe, tazameni!" akapiga kelele. "Miguu yote miwili haigusi ardhi. Mwili umelala ubavu hewani kama jodari. Watu wawili wamemning'inia, na mpira kaushika kwa vidole. Kwa vidole, si kwa viganja! Mnataka nini tena?"

"Picha ni ya mara moja," nikasema. "Mie siku moja nilidaka embe bovu lililotupwa dirishani kwa mkono wa kushoto. Tatizo mpiga picha hakuwepo."

Kicheko kikapasuka.

"Huyu kacheza misimu miwili na wakubwa, weye unamlinganisha na embe?"

"Misimu miwili tu. Gwiji hucheza kumi."

"Goti lilivunjika!"

"Kila asiyefika ana goti lake."

Wakapiga makofi. Nassor akahamia mlango mwingine, akasema wapinzani walikuwa wakimwekea walinzi wawili, na mtu hawekewi walinzi wawili bure. Mimi nikajibu kwamba sifa ni ya mrushaji, mdakaji ni ukuta wenye mikono. Hapo Maalim Khalfan akatia neno lake kwa upole:

"Nguo ikishonwa ikapendeza, nani kaishona, sindano au uzi?"

"Fundi, Maalim," nikamjibu upesi, na watu wakacheka tena. Nilikuwa nimelewa, mwanangu. Hakuna ulevi kama wa kuchekewa maneno yako. Nikasimama juu ya mkeka, nikakunja mikono ya kanzu, nikatupa shoka langu la mwisho.

"Jamaa, tuache picha, tuache magoti. Nijibuni moja tu. Mtu aliyekuwa mkubwa kwao, anakuja kufanya nini huku, kukaza boliti katika jua hili?"

Waliangua kicheko, wakapiga mapaja, na Nassor mwenyewe akashika kichwa. Nilijua nimeshinda. Katika kelele zile niliona Maalim Khalfan anaweka chini kikombe ambacho hakukimaliza, anainuka, anakung'uta kanzu yake na kwenda zake. Nilidhani anawahi kutia udhu.

Nassor hakukubali. Alisema hukumu bila kumuona mtu akicheza ni dhuluma. Tukakubaliana kumjaribu. Mimi ningerusha, kwa kuwa Unguja nilikuwa nikicheza kriketi na mkono wangu ulikuwa na nguvu. Mipira ishirini. Akiukosa hata mmoja, basi ni mtu wa kawaida. Akiidaka yote, nitampikia kahawa kila siku mpaka mafuta yaishe ardhini.

Tulipomwendea, Mista Dani alicheka kwa muda mrefu. Hatukuwahi kumsikia akicheka. Kisha akapiga goti lake kwa kiganja.

"Nitadaka chochote nikiwa nimesimama," akasema. "Lakini sikimbii. Daktari wa kampuni hajui habari za goti hili, nilimficha. Likitoka tena mahali pake, watanirudisha kwetu siku hiyohiyo. Nimebakiza miezi minane. Nikiimaliza, ninafungua gereji yangu mwenyewe, na sitamfanyia mtu kazi tena maisha yangu yote. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Hukimbii."

Nikampa mkono. Na mkono wa mtu wa Unguja, tulijisifu sana kwa hilo, ulikuwa mkataba.

Wiki nzima alinifundisha kurusha. Alinishika vidole akaviweka juu ya uzi wa ngozi ulioushona mpira, kimoja kimoja, akanionesha jinsi ya kuuachia mpira uzunguke. Niliporusha vibaya hakunikaripia. Niliporusha vizuri alisema neno moja tu, "Naam," nalo aliliokota kwetu, akalitamka kama mtoto anayejifunza kusoma. Mtu aliyekuwa hazungumzi sasa akawa ananisubiri kila jioni mlangoni mwa stoo. Nilimpenda, mwanangu. Usidhani tunawaumiza tunaowachukia tu.

Ijumaa ikafika. Baada ya Laasiri tukakusanyika kwenye mchanga wa Qurum, na kila mtu alikuja: sisi, vibarua wa Kibulushi wachimba mitaro, wapishi wa Kihindi na aproni zao, na Wamarekani wakiwa wamekaa juu ya boneti ya lori. Mista Dani akasimama, akavua viatu. Nikarusha wa kwanza. Pwa! Wa pili, wa tatu. Nikarusha juu ya kichwa chake, akauchukua. Nikarusha chini ya goti, akauokota kabla haujagusa mchanga. Wa tisa aliudaka kwa mkono mmoja, wa kumi kwa mkono mwingine. Wa kumi na nne alifumba macho, wallahi nakuapia, akasikiliza, akafungua mikono, na mpira ukaingia kama njiwa anayerudi tunduni. "Mashallah!" watu wakapiga kelele. Wapishi walikuwa wakicheza, na Mbulushi mmoja alitupa kilemba chake hewani.

Kumi na tisa. Hakuukosa hata mmoja.

"Kadhi! Hukumu! Hukumu!" wakaniimbia. "Kahawa, Kadhi, kahawa!"

Nilikuwa na mpira mmoja mkononi. Sikuwa na ubaya moyoni, nakuhakikishia. Nilikuwa na kitu kidogo kuliko ubaya, na pengine cha hatari zaidi: nilitaka kushinda mbele ya watu. Nikaweka vidole kwenye uzi kama alivyonifundisha. Nikarudi nyuma hatua tatu. Nikaurusha kwa nguvu zangu zote, mbali, upande wa bahari, hatua thelathini kutoka alipokuwa amesimama. Wazo langu lilikuwa jepesi: atautazama unapita, tutacheka, na nitakuwa nimeshinda.

Aliutazama mpira. Kisha akanitazama mimi, kufumba na kufumbua. Kisha akakimbia.

Ee mwanangu, laiti ungemuona! Mguu ule uliokuwa ukiburutwa ulipotea. Yule fundi mzito wa pampu alivuka mchanga kama kivuli cha ndege, kichwa kimeinama, bila kuangalia nyuma, kana kwamba mpira umemuahidi mahali pa kukutana. Ulipokuwa unaanguka, naye akapaa. Akalala ubavu hewani, mkono mmoja umenyooka, na mpira ukakaa juu ya ncha za vidole vyake. Nilimuona mtu wa kwenye picha. Nikasahau kesi, nikasahau kwamba nimeshindwa, nikajikuta nimeruka juu napiga kelele kwa furaha hata sauti ikanikauka. Watu mia walikuwa wanapiga kelele pamoja nami. Sijawahi tena kusikia furaha kama ile.

Lakini yeye hakuinuka. Alikuwa chini, mpira kaukumbatia kifuani, na uso wake umekuwa mweupe kama chokaa.

Walimbeba kwa ubao. Nilibaki pale nimesimama, na watu wakinipita kila mmoja bila kunitazama. Maalim Khalfan alikuja polepole, viatu mkononi.

"Suleiman," akaniita. Si Kadhi, Suleiman. "Ulitaka shahidi. Umempata?"

Nilitazama nyayo za Mista Dani mchangani.

"Ulimpa mkono kwamba hakimbii?"

"Nilimpa, Maalim."

"Basi. Na ile Alkhamisi uliuliza suali, ukaondoka na kicheko bila ya kupata jawabu. Ukauliza mtu aliyekuwa mkubwa kwao anakuja kufanya nini huku. Mie nipo huku, mwanangu. Nagawa glavu. Nasema nilikuwa mwalimu mkuu, na vyeti vyangu vimebaki katika kabati ambalo sijui leo linafunguliwa na nani." Akarudi nyuma hatua chache, akasimama kwenye mchanga, kanzu yake inapepea, akafungua mikono yake miwili mitupu. "Haya. Na mie nnangoja. Nirushie kitu nidake, upate kuniamini."

Mwanangu, nimepigwa bakora madrasa, nimetukanwa na mabosi, nimezika wazazi. Hakuna kilichoniingia kama mikono ile miwili mitupu. Nilikaa chini kwenye mchanga nikalia kama mtoto. Yeye hakuondoka mpaka nilipomaliza. Kisha akaniambia, "Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Anayecheza ugenini, basi, tusimvunje mguu. Kamuombe radhi."

Asubuhi nilimwendea msimamizi, nikamwambia kosa ni langu. Akasema kosa si la mpira, kosa ni la mtu aliyeficha goti kwa daktari, na barua ya kumrudisha ilikwisha kuandikwa. Ndege ilikuwa siku ya pili yake.

Asubuhi ya safari nilimkuta Mista Dani chumbani mwake anafunga sanduku, mguu umefungwa bendeji mpaka pajani. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakanitoka mawili tu. Alinisikiliza, akatikisa kichwa.

"Miezi minane," akasema. Hakulainisha, na sikumtaka alainishe. "Nitaanza upya. Nimewahi kuanza upya." Akasukuma shati la mwisho sandukuni, akaniuliza, "Na kesi? Umehukumu nini?"

"Nimeifuta."

"Usiifute!" Akacheka kidogo, kicheko kikamuuma mguuni. "Miaka yote hii na mimi nataka kujua nilikuwa mzuri kiasi gani. Kule kwetu wanabishana bado, wengine gwiji, wengine bahati. Nilidhani watu wa mbali mtanipa jibu."

"Kwa nini ulikimbia?" nikamuuliza. "Ulisema hukimbii. Ungeuacha upite. Mimi ndiye ningekuwa mwongo, si wewe."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

"Mpira ulikuwa hewani," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa nimeshachelewa. Tulibishana misimu mingapi, walinzi wangapi, sifa ya nani. Kipaji chake chote kilikuwa katika maneno yale matatu, wala hakikuhitaji mahakama. Kipo kitu ambacho mtu fulani hawezi kukiacha kianguke, hata kikimgharimu. Ukiona mtu wa namna hiyo, umeshaona kila kinachoweza kuonekana.

Basi ninachokuusia ni hiki, mwanangu. Bishana; ujana bila ubishi ni chai bila tangawizi. Furahia vipaji vya watu, viseme kwa sauti, pigia kelele goli na shairi na sauti nzuri ya kusoma Qur-ani. Lakini mtu akikuhadithia alivyokuwa, usimdai ushahidi ambao maisha yalishamnyang'anya. Hasa aliye mbali na kwao. Yule mhudumu anayekuletea chai mkahawani Sib, yule dereva, yule mama anayefagia ofisini kwako, hujui kwao majukwaa yalimwita kwa jina gani. Muulize, usikilize, na umuamini kidogo zaidi ya inavyopasa. Hutapungukiwa na kitu. Na ukishampa mtu mkono wako, basi usitazame watu wanaokushangilia, tazama ule mkono uliompa. Usione vyaelea, vimeundwa, na vingine vimeundwa kwa goti lililovunjika.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona makubwa ya watu yakiwa bado hai, akupe ulimi wenye haya, na kila utakapotua ugenini akukutanishe na anayekuamini kabla hujatoa cheti. Amin.

Siku ile honi ya Landrova ililia nje. Nilinyoosha mkono kulichukua sanduku, nikakuta mkono mwingine umeshalishika. Alikuwa Maalim Khalfan, kavaa joho lake la sikukuu asubuhi ya siku ya kazi. "Niachie, Suleiman," akasema, "mgeni wangu huyu." Akamuinamia Mista Dani kama anavyoinamiwa mkubwa, akamwambia kwa Kiingereza kizuri, cha darasani, ambacho sikuwahi kumsikia akikitumia dirishani: "Bwana, ilikuwa heshima kukuona ukicheza." Mista Dani alimshika bega, akaegemea fimbo, wakatoka wawili pamoja polepole, mwalimu na mdakaji, na mlango ukafungwa nyuma yao.